Haya, Lala

Mimi sina subira na mtu anayenidhania mwizi. Nasema mapema, usije ukadhani nilikuwa malaika nyumbani kwa Bi Gitla. Kazi ya kutunza wazee nimeifanya hapa London miaka mingi. Nimeogesha wazee wa kila kabila. Wengine wamenitemea mate, na mmoja alinichapa kwa fimbo yake ya kutembelea, nikamwambia pole mzee, umechoka. Lakini Bi Gitla alinishinda kwa jambo dogo kabisa. Kila nikiingia chumbani kwake asubuhi, aliukumbatia mto wake kifuani kwa mikono miwili, akanikodolea macho mpaka nimalize kuvua koti.

Mto. Si bangili, si mkoba. Mto wa kulalia, na foronya yenyewe ya maua ya buluu yaliyofifia kwa kufuliwa. Hebu niambie, mtu mzima na akili zangu nitoke Barking, nipande basi na baridi ile, nije mpaka Ilford kuiba mto?

Bi Gitla alikuwa Myahudi, mjane, umri wake umepita miaka tisini. Aliishi kwenye nyumba ile ile aliyomlelea mwanawe wa pekee, Marion. Mtaa wao zamani ulijaa Wayahudi, sasa majirani ni Wahindi na Wapakistani na sisi wengine, na yeye alibaki. Marion alikuwa mwalimu, kastaafu, anakaa karibu, anakuja mchana na jioni. Mimi nilikuwa wa asubuhi. Kumwamsha, kumwogesha, kumbadilisha shuka, kumpa chai na mkate. Nyumba yenyewe sikuiona ngeni. Nguruwe haingii, nyama na maziwa havipikwi sufuria moja, na watu wake wanamtaja Mungu kabla ya kula. Kuna nyumba za Waislamu sikukaa kwa raha hivyo.

Akili yake ilikuwa ya kwenda na kurudi. Siku nzuri alizungumza Kiingereza safi kuliko changu na kunisahihisha. Siku mbaya alirudi kwenye lugha ya Wayahudi wa kwao, lugha aliyonyonya nayo, ambayo mimi sijui hata salamu yake.

Sasa mimi kazi siiwezi kimya kimya. Wenzangu wengine wanaogesha mtu kama wanaosha sufuria, mimi lazima mdomo uende. Na Kiingereza changu chote, kikifika kwenye kumnyanyua mtu, kinanikimbia, mdomo unarudi Pemba wenyewe. Haya, Bi Gitla. Haya, tugeuke. Haya, lete mkono huu. Haya, haya, tumemaliza. Ndivyo alivyoniogesha mama yangu, na ndivyo nilivyomlea binti yangu Afnan, ambaye kazaliwa hapa hapa na Kiswahili chote kilichombakia mdomoni ni hiyo haya. Ukimsemesha anaelewa, anakujibu Kiingereza. Lakini akitaka kutoka, anasimama mlangoni na viatu vyake na kusema, "Haya, Mama." Hilo halijamtoka.

Bi Gitla naye akalishika. Asubuhi moja nimemkalisha kitandani, nataka kumvua gauni la kulalia, nasema zangu haya, haya, na yeye akanijibu kwa sauti ndogo, kwa kinywa chake kisicho na meno, "Haya, lala."

Nikacheka peke yangu. "Hakuna kulala, Bi Gitla, kumekucha."

Kesho yake akarudia. Haya, lala. Haya, lala. Nikafurahi, wallahi. Jioni nikamhadithia mume wangu, Muhiddin, kwamba yule bibi yangu wa Ilford keshajua Kiswahili, ananiambia haya, lala. Muhiddin si mtu wa kuchekeshwa upesi. Akasema, "Ana akili huyo. Anataka umwache alale."

Lakini furaha yangu haikukaa, maana nilianza kumwangalia usoni akisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikisogea, anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ubao wa kitanda, na mto kaubana. Nikiuchukua nimwogeshe, maana huwezi kumwogesha mtu aliyeshika mto, anatoa sauti moja ya chini kooni na mwili wote unamlegea, nafanya ninavyotaka. Kisha nampa chai na mkate. Chai anakunywa. Mkate, kutoka mkononi mwangu, hali. Anafunga mdomo na kugeuka. Mchana Marion akija na mkate ule ule, anakula.

Na akaanza kuniita Ona. "Ona," ananiambia, na maneno mengine ya lugha yake, akinitazama kwenye mtandio. Nikamwambia mimi Ummukulthum, niite Ummu kama likikushinda. Akasema, "Ona."

Basi nikakasirika. Nilijua, au nilidhani najua. Mwanamke mweusi, kichwa kimefungwa, ndiyo maana mkate wangu hauliwi na mto unafichwa. Nimeyaona hayo kwa wazee wengine, hayanishtui tena, ila kwa huyu yaliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda. Nikampigia simu Bhavini, anayetupangia kazi ofisini, nikamwambia anitafutie nyumba nyingine. Akasema nimalizie mwezi.

Marion akapata habari. Siku ya pili alikuja asubuhi, jambo ambalo si kawaida yake, akanikuta naosha vikombe.

"Ummu, umeomba kuondoka," akasema. "Kwa nini?"

"Mama yako ananiona mwizi," nikamjibu. Sikumzungusha. "Anauficha mto. Mkate wangu hali. Ananiita jina la mtu mwingine."

"Jina gani?"

"Ona."

Marion alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka mezani taratibu, akavuta kiti, akaniambia na mimi nikae. Akaniambia Ona ni nani.

Bi Gitla alizaliwa Lithuania, katika mji mdogo ambao jina lake mpaka leo linanishinda kutamka. Mji wa soko moja, na Wayahudi karibu nusu ya watu wake, washonaji, waoka mikate, wauza farasi. Yeye alikuwa na miaka saba Wajerumani walipoingia. Kiangazi kile kile, wanaume wa Kiyahudi walichukuliwa kwanza, wakaambiwa wanakwenda kazini, na hawakurudi. Kisha ikaja asubuhi ya wanawake, wazee na watoto. Waliambiwa wakusanyike sokoni, wakatembezwa kwa miguu mpaka msituni nje ya mji, ambako shimo lilikuwa limeshachimbwa. Waliowapiga risasi walikuwa Wajerumani, na pamoja nao wenyeji wenye bunduki, vijana waliosoma nao, walionunua mikate kwao. Kufika jioni mji hauna Myahudi. Majirani wakaingia nyumba zao, wakagawana vitanda na masufuria.

"Ona alikuwa mfuaji nguo wao," Marion akasema. "Mkristo, anakaa nyuma ya nyumba yao. Alimficha mama chini ya sakafu, kwenye shimo la viazi, mpaka vita vikaisha. Bila Ona mimi nisingezaliwa. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Pengine ni hicho tu anachokiona kwako."

Nikaona aibu kidogo. Nikasema, "Sasa mtu aliyemwokoa, mbona anamwogopa?"

"Sijui. Hajawahi kunihadithia. Haya yote nimeyapata kwa watu wengine, kwa kusoma, kwa kwenda kule mwenyewe baada ya baba kufa. Mama aliniambia sentensi moja tu maisha yake yote. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kwa nini sina mama mdogo wala mjomba kama wenzangu. Akasema, 'Tulikuwa wawili, mimi na mtoto.' Basi."

Akanieleza wanavyofanya. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliouawa, anawasha mshumaa kwenye glasi, unawaka kutwa kucha, na anawataja wafu wake mmoja mmoja kwa jina. Babu yake. Bibi yake. Wajomba na shangazi za mama yake, watoto wao. Majina yote anayo. Akifika kwa yule mtoto anasema, "na mdogo wake mama."

"Msichana au mvulana, sijui," akasema. "Hakuna pa kuuliza. Kila aliyemjua yumo kwenye shimo lile, Ona naye kafa zamani. Katika dunia nzima, Ummu, jina la yule mtoto limebaki kwenye kichwa kimoja, na kichwa chenyewe unakiona kilivyo. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa machozi. Ananiangalia kama hanisikii. Akifa nalo, itakuwa kama hakuzaliwa."

Kisha akaniomba. Nikiitwa Ona, niitike. Nimuulize jina la mtoto.

Nikakataa. Kumdanganya mgonjwa si kazi yangu, na mimi si mtu wa kuvaa jina la mtu, achilia mbali maiti. Nikavaa koti nikaenda zangu.

Lakini njia nzima niliwaza. Babu yangu mzaa mama alichukuliwa na gari Unguja, siku zile za mapinduzi, na mpaka leo hatujui kalazwa wapi. Mama alihamia Pemba kwa ndugu zake, akatulea huko. Kila mwaka tunamsomea hitima babu, na yule anayeisoma akifika mahali pake anataja jina, na baba wa jina, na mama alikuwa akilisikia tu anashusha pumzi. Kaburi hatuna. Jina tunalo. Nilijaribu kufikiria mama akisomewa hitima ya "yule baba wa yule mama," nikashindwa kuendelea kufikiria. Nilipofika nyumbani nikampigia simu Bhavini kumwambia asinihamishe.

Nikajaribu. Asubuhi ile Bi Gitla alikuwa mtulivu, jua limeingia chumbani, kaushika mto wake. Akasema, "Ona."

"Ndiyo," nikasema, na moyo unanidunda kama nimeiba kweli. "Ni mimi. Mtoto anaitwa nani?"

Akanitazama. Macho yake yalikuwa safi, hayana ukungu hata kidogo, na alinijibu kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya kunisahihisha. "Unalijua. Wewe ndiye unayemwita."

Kisha akageuka ukutani. Siku ile hakula mkate wangu wala wa Marion, na ya pili vile vile. Nilimweleza Marion alivyojibu. Akasema bila shaka anazungumza na Ona wa wakati ule, Ona alimjua mtoto, alikuwa jirani. Na mimi nikaona hivyo hivyo. Nilijilaumu, nikamwambia Marion asiniombe tena, tunamuua mama wa watu kwa maswali.

Toka siku ile nikaamua kufunga mdomo. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na hasira yangu ndivyo inavyotoka, nanyamaza. Nikawa naingia, natoa salamu ya Kiingereza, naogesha, navisha, natoka, kama wale wenzangu wa masufuria. Na unajua ilikuwaje? Bi Gitla akatulia. Machozi yakakatika. Mto bado anaukumbatia, lakini si kwa kuubana. Asubuhi moja nikamwekea mkate kwenye kisahani, nikageuka kufungua pazia, na niliporudi kipande kimoja hakipo, anatafuna kwa fizi zake taratibu. Nikajisemea, kumbe ubaya ulikuwa mdomo wangu tu. Nikamwambia Muhiddin. Akasema hata yeye angeshukuru, na siku ile nilicheka.

Baridi ilipokaza, mwili wake ukaanza kuacha. Daktari akaja, akazungumza na Marion ukumbini, na baada yake akaletewa kitanda cha hospitali na dawa za maumivu. Hakula tena kitu cha maana, aliloweshwa midomo tu. Marion akahamia pale pale. Hakuuliza tena habari ya jina. Nilimwona ameshakata tamaa, anakaa anamchana mama yake nywele, nywele zenyewe nyuzi tatu nne.

Asubuhi moja katika hizo, ilibidi tumgeuze wawili, kwa sababu kumgeuza peke yangu nilikuwa namuumiza. Marion kashika mabega, mimi kiuno. Mto ulikuwa katikati yetu, unatuzuia. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuuchukua ule mto, na mdomo nao ukaenda wenyewe.

"Haya," nikasema. "Haya, haya."

Bi Gitla akafumbua macho. Alikuwa hajazungumza siku kadhaa. Akaushika mto kwa nguvu ambayo sikujua anayo, mimi nimeshika pembe moja na yeye pembe nyingine, na akasema, "Haya, lala." Kisha maneno mengi, haraka haraka, ya kusihi, kwa lugha yake. Na tena haya, lala.

Marion akayaachia mabega.

"Umesema nini?" akaniuliza.

Nikadhani kakasirika. "Nimesema haya tu. Ni Kiswahili. Ni kama kusema twende, sawa, tuanze. Mama yako kalishika kwangu siku nyingi, ananijibu haya lala. Maana yake sawa, lala usingizi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tangu nilipokuja."

Akasema, "Khaya." Alilitoa kooni, kwa ile kha ambayo sisi tumefundishwa chuoni, tukisoma Kurani. "Khaya ni jina, Ummu. Jina la mtoto wa kike. Na akiwa mdogo, ukimwita kwa mapenzi, unasema Khayale."

Mimi nikasema, "Haya, lala."

Yeye akasema, "Khayale."

Bi Gitla alikuwa bado anasihi. Marion akapiga magoti sakafuni, akaweka sikio karibu na mdomo wa mama yake, na akawa ananitafsiria bila kunitazama, kidogo kidogo, kwa sababu na yeye lugha ile anaijua nusu nusu. Nilisimama pale nimeshika pembe ya mto.

"Anasema, Ona, usimchukue Khayale. Anasema nitamziba mdomo. Halii tena, sikiliza, halii tena. Anasema, mama kanipa mimi nimshike. Anasema usiende naye barabarani. Wataondoka naye." Marion akalisogeza sikio zaidi. "Anasema, sitaki mkate."

Ndipo tukaelewa, mimi na Marion, kila mtu peke yake, hakuna aliyemwambia mwenzake. Watoto wawili ndio waliotumwa kwa Ona asubuhi ile. Mama yao alimpakatisha mkubwa yule mdogo, akawapitisha uani. Na Ona aliwapokea wote wawili, akawaingiza chini ya sakafu kwenye viazi. Mdogo akalia. Nje watu wanapita na bunduki. Ona akashuka, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa dada yake, na pengine hakuwa mkatili hata kidogo, pengine alikuwa anambembeleza, Khaya, Khaya, kama mtu anavyombembeleza mtoto anayelia, akatoka naye mpaka barabarani ambako wale wanawake walikuwa wanapitishwa, akamrudishia mama yake. Akarudi mikono mitupu. Akampa yule aliyebaki mkate.

Na mimi nilikuwa nimemfanyia hivyo kila asubuhi. Naingia na kitambaa kichwani, namwita mtoto kwa jina lake, Haya, Haya, kwa sauti nzuri, nyororo, namnyang'anya mto mikononi, kisha namletea mkate. Halafu nakwenda kumsemea kwa mwanawe kwamba ananiona mwizi.

Sikulia wakati ule. Nilikuwa na hofu, hofu ya kufumbua mdomo wangu, kwamba likitoka neno lolote litakuwa ni lile.

"Mrudishie," Marion akasema.

Nikauachia mto. Nikausogeza kifuani kwake, nikamwekea mkono wake wa kulia juu na wa kushoto chini, kama unavyompakatisha msichana mdogo mtoto mchanga, unamwonyesha shingo inashikwa wapi. Kiingereza kilikuwa kimenikimbia na lugha yake sina. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Simchukui. Huyu hapa. Kaa naye."

Sijui alisikia nini. Aliunyanyua mkono wake mmoja, mifupa mitupu, akakiweka kiganja juu ya foronya, pale ambapo ungekuwa mdomo wa mtoto, akakibonyeza. Akakaa hivyo bila kupumua vizuri, ananitazama mimi, anasubiri niondoke. Nikatoka chumbani.

Marion akanifuata jikoni baadaye. Alikuwa analia na uso wake umefunguka, sijawahi kumwona vile. Akanishika mikono miwili. "Khaya," akasema. "Alikuwa msichana. Unajua maana yake? Maana yake aliye hai."

"Hata kwetu," nikasema. "Hai. Neno lile lile."

"Umenipa jina lake, Ummu. Bila wewe lisingetoka."

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yenyewe haikuwa yake. "Sikukupa," nikamwambia. "Nilikuwa namtesa nalo mama yako. Usinishukuru."

Akaniachia mikono. Hakusema sivyo.

Hatukumwogesha tena vile inavyotakiwa. Nilimpangusa pembeni pembeni, mto upo pale pale, nikizunguka kama mtu anayefagia na mtoto kalala sakafuni. Mtandio nilikuwa nauacha begani nikiingia chumbani kwake, Mungu anisamehe, nikafunga kilemba kidogo nyuma ya kichwa ili nisifanane. Na nilinyamaza. Sijui kama ilimsaidia. Kiganja hakukitoa kwenye ile foronya, hata usingizini. Alikufa mchana mmoja, Marion yuko naye, mimi nimeshaondoka.

Wao hawachelewi kuzika, kama sisi. Wanawake wa kwao walikuja kumwosha kwa maji na kumvisha sanda nyeupe, na Marion alinisimulia kwamba mto ilibidi wautoe, maana mtu wao haendi na kitu. Nikamuuliza waliutoaje. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa, na kwamba vidole viliachia bila shida.

Nilikwenda makaburini nikasimama nyuma. Udongo ulikuwa mzito wa mvua, wakapokezana sepetu. Mwisho Marion akasoma majina ya wafu wa mama yake, mmoja mmoja, jina na baba wa jina. Alipofika mahali ambapo miaka yote alisema "na mdogo wake mama," akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, akasema, "Khaya." Watu wakaitikia amina yao. Nami nikaitikia, kwa sauti ndogo.

Nikarudi Barking na viatu vya matope. Afnan alikuwa ananisubiri, tulikuwa tumeahidiana kwenda sokoni, kashavaa koti, kashika mifuko. Mimi nimeketi kwenye ngazi, siwezi hata kufungua kamba za viatu. Akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Haya, Mama."

Nikamwambia, "Usiseme hivyo."

Akashangaa. "Nisiseme nini?"

"Hilo neno. Usiniite kwa hilo neno."

Akaniuliza, kwa Kiingereza, kama amekosea kulitamka. Nikamwambia hapana, umelitamka vizuri. Akakaa chini kwenye ngazi pembeni yangu, akaweka mifuko magotini. Akaniuliza sasa aseme lipi, maana la Kiswahili analo hilo hilo tu. Nikatafuta neno jingine la kumpa, na sikuwa nalo.